Mashine ya Mama na Ghala la Giza

Siku hizi nikiulizwa kazi yangu, nasema natengeneza maonyesho ya kompyuta. Ni jibu fupi na watu wengi huridhika nalo. Jibu refu ni kwamba natumia miwani ya kompyuta, spika na giza kumfanya mtu ajione yuko mahali ambapo hayupo, hasa mahali pa zamani palipopotea au panapokaribia kupotea. Mama yangu ana maelezo yake. Majirani wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani mjini, anasema, "Anafunga watu macho." Wengi wanadhani ni uganga, na yeye hajihangaishi kuwasahihisha.

Kazi ya kwanza ya namna hiyo niliifanya nyumbani Ilongero, miaka ile soko huria lilipokuwa bado ni habari. Miwani haikuwepo. Nilikuwa na redio kaseti mbili, spika nne zilizotolewa kwenye basi lililopinduka, na ghala la chama cha ushirika ambalo lilikuwa halina kitu ndani isipokuwa popo.

Ushirika ulikuwa umekufa. Wafanyabiashara walikuja na malori yao hadi uani kwa mtu, wakapima alizeti kwa mizani yao na kuondoka. Baba yangu alikuwa karani wa ghala kwa miaka mingi. Siku alipoambiwa kazi imekwisha, hakuna aliyemwambia ufunguo amrudishie nani, kwa hiyo aliendelea kukaa nao. Kila Jumatatu alikwenda kufungua, akatazama ndani, akafunga. Alisema ni vizuri pawe na mtu anayejua hali ya mle ndani.

Mama yeye alilipokea soko huria kwa mikono miwili. Yeye na wanawake wenzake walijiunga kuwa kikundi, wakanunua mashine ya kusaga, injini ya dizeli yenye moshi mweusi, wakaisimika kwenye banda la mabati ubavuni mwa ghala lile lile. Mama alikuwa mwenyekiti. Asubuhi alivaa koti la mvua lililokwisha rangi, akajifunga kitambaa kichwani, akazungusha mkono wa injini mwenyewe. Ikiwaka, alisimama kidogo akiisikiliza, kisha akaingia kazini. Sikuwahi kumwona akisikiliza kitu kingine kwa makini namna ile, hata mahubiri.

Mimi nilikuwa nimesoma sanaa pwani, halafu nikakaa Dar es Salaam na kikundi cha maigizo. Huko nikasikia kwamba mfuko mmoja wa utamaduni unasaidia wasanii vijana wenye wazo linalogusa urithi na mazingira kwa pamoja. Nikapeleka wazo langu: jiwe la kusagia. Wanawake wa kwetu walisaga uwele kwa jiwe vizazi na vizazi, bila dizeli, bila moshi, na sasa jiwe linapotea. Ningejenga chumba cha giza ambamo mtu anakaa chini, anasikia jiwe likisaga kila upande, ananusa unga, mpaka asahau yuko mwaka gani. Lilikuwa wazo zuri sana nikiwa Dar es Salaam. Kule hakukuwa na jiwe la kusagia hata moja.

Nilipofika nyumbani na kumweleza mama, alikuwa anapembua mchele. Hakuacha kupembua.

"Umesoma miaka yote hiyo," akasema, "ukaja kuchagua jiwe."

"Ni urithi wetu, mama."

"Urithi ni kitu mtu anachokuachia. Mimi lile jiwe sikukuachia. Nililitupa."

"Uliliacha wapi?"

"Nyuma ya choo."

Nikaenda kuangalia. Lilikuwepo, limelala kifudifudi.

Baba alikubali kunipa ghala bila kuuliza maswali. Nadhani alifurahi kwamba ufunguo umepata kazi. Lakini ilibidi nipate kibali cha mtendaji wa kata, mzee mpole aliyekuwa na mazoea ya kurudia neno la mwisho la kila mtu.

"Ni sanaa ya namna ya kumzamisha mtu," nikamweleza, kwa sababu ndivyo watu wa mfuko walivyoiita.

"Mtu," akasema. "Kumzamisha mtu gani?"

"Mgeni yeyote. Anaingia ghalani, anazama."

"Ghalani kuna maji?"

"Hapana, mzee. Anazama kwa mawazo. Kwenye sauti."

Akauvuta mhuri wake karibu. "Akizama, anayewajibika ni kata au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni wewe," akasema, akagonga mhuri.

Nikazunguka vijijini na baiskeli ya baba kutafuta mawe na sauti. Jiwe la kwanza nililikuta likitumika kunyweshea kuku. La pili lilikuwa ngazi ya mlangoni. Wanawake wazee walinipokea vizuri na kunishangaa. Walikubali kusaga mbele ya kinasa sauti changu, ila nyimbo za kusagia zilikuwa tatizo. Nyimbo zile nyingi zilikuwa za kumsema mama mkwe, na wengi wa waimbaji sasa walikuwa wenyewe mama wakwe, tena watu wa kanisani. Mmoja alianza wimbo, akaukatisha, akaniambia ule mstari unaofuata haufai. Akaimba pambio badala yake, kwa mwendo wa jiwe. Ndiyo maana kanda ya kwanza ya mkusanyiko wangu, ambayo imesikilizwa na watu wa nchi kadhaa, ina pambio.

Mfuko ulinipa sola, kipande kidogo cha kuweka juu ya paa, kwa sababu ya ile sehemu ya mazingira. Nikaziba madirisha kwa magunia, nikafukuza popo, wakarudi, nikawaacha. Mawe nikayapanga sakafuni kwa duara na pembeni ya kila moja nikaweka kibuyu cha uwele ili mgeni ajaribu. Spika zikakaa kwenye pembe nne. Ukifunga mlango, sauti zilikuzunguka kweli. Mpaka leo nasema kilikuwa chumba kizuri.

Watu walikuja. Waliingia, wakakaa, wakatoka wakipepesa macho. Mzee mmoja jirani yetu alisema ni kama nyumbani zamani, isipokuwa mwishoni hakuna chakula. Walimu walileta wanafunzi. Mtendaji alikuja, akazama, akatoka salama.

Wanawake wa kikundi cha mama hawakukanyaga. Na kila nilipofungua ghala, injini upande wa pili wa ukuta iliwaka. Ukuta ulitetemeka, jiwe halikusikika, na wageni wangu walikaa gizani wakisikiliza dizeli. Nikamwendea mama.

"Leo hakuna mteja hata mmoja bandani."

"Najua."

"Sasa unasaga nini?"

"Nasafisha nyundo za kupondea mle ndani," akasema. "Bila kuzungusha hazisafishiki."

Zilisafishwa sana mwezi ule.

Kisha mashine ikaharibika. Ilikuwa katikati ya asubuhi, wateja wamejaa. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Mama alizungusha mkono mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Fundi aliitwa kutoka Singida mjini, akafungua, akasema ni pampu ya dizeli, na hapa haitengenezeki, lazima iende Arusha. Akaifunga kwenye gazeti, akaitia mfukoni mwa koti, akapanda gari la saa nane. Mama alisimama barabarani akiliangalia lile gari mpaka likapotea.

Mashine nyingine ya karibu ilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ya kulala. Siku chache zikapita. Asubuhi moja nilifika ghalani nikamkuta mama mmoja wa jirani ameshakaa kwenye jiwe, uwele wake kwenye kanga. Baba alikuwa amemfungulia.

"Karibu," nikamwambia. "Nakufungia mlango, nikuwashie sauti."

"Acha wazi," akasema. "Mlango ukifungwa, unga nitauonaje?"

"Giza ni sehemu ya onyesho."

"Nina watoto wanaorudi shule saa saba," akasema, akaanza kusaga.

Mchana wake ghala lilikuwa limejaa wanawake. Wengine walikuja na mawe yao kichwani kwa sababu yangu hayakutosha. Magunia ya madirishani yalishushwa, wakayakalia. Nilijaribu kuokoa kilichobaki, nikawasha kanda. Kwa dakika kadhaa wazee wa kwenye kanda walisaga pamoja na wanawake walio hai, na nikasimama mlangoni mwili ukinisisimka, nikijua kwamba sitakuja kubuni kitu kama kile tena. Halafu mmoja akainua kichwa.

"Dada, zima hiyo. Wanasaga polepole, wanatuchelewesha."

Nikazima.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama alikataa jiwe kabisa. Alitupikia viazi vitamu. Kesho yake viazi vitamu, na wali. Kesho kutwa maandazi ya kununua, na viazi. Wanawake wa kikundi chake walipoanza kuonekana ghalani mmoja mmoja, macho chini, alijifanya hawaoni. Baba hakulalamika, yeye si mtu wa kulalamika. Ila ni mtu wa ugali wa uwele na mlenda, na asipoupata anakuwa kama mtu aliyepotelewa na kitu asichokitaja.

Siku ya tano au ya sita alivaa suti yake ya ukarani, akachota uwele kwenye bakuli, akatoka. Nilidhani anawapelekea kuku. Alikwenda ghalani. Alisalimia, akatafuta jiwe lililo wazi, akakunja suruali, akapiga magoti, akaanza kusaga.

Mawe yote yalisimama. Kwetu mwanamume hasagi. Hakuna sheria, ni kwamba haijawahi kutokea. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote, na baba akaendelea, akisukuma jiwe kama mtu anayesugua sakafu. Nafaka ilirukia huku na huku. Mtu fulani alikimbia kumwita mama, maana dakika chache baadaye alikuwa mlangoni.

"Inuka," akasema.

"Karibu namaliza," baba akajibu.

"Hujaanza. Inuka, baba."

Baba akainuka na kujipangusa magoti. Mama akavua kandambili, akapiga magoti palepale, akaukusanya uwele uliotawanyika kwa upande wa kiganja. Alishika jiwe la juu. Akaanza, na sikuwa nimejiandaa kwa jinsi lilivyokwenda. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mabega yake yalikwenda na kurudi bila haraka, na unga ulishuka mbele ya jiwe laini kama majivu. Uso wake haukuwa na kitu chochote. Nikakisogelea kinasa sauti taratibu na kubonyeza.

"Zima hicho," akasema bila kugeuka.

Nikazima. Alisaga tena kidogo, kisha akazungumza, si kwa sauti kubwa, jiwe likiendelea.

"Ulizaliwa asubuhi," akaniambia. "Saa kumi nilikuwa nimepiga magoti hivi. Bibi yako alisema wageni wamekuja kumwona mtoto, sasa watakula nini."

Bibi aliyemtaja ni mama yake baba. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango na bakuli lake tupu mkononi.

"Sikujua," baba akasema.

"Ulikuwa unapokea wageni."

Akamaliza ule uwele, akakung'uta unga kwenye bakuli la baba, akavaa kandambili, akaenda. Tulikula ugali siku ile. Hakuna aliyesema ni mtamu, ingawa ulikuwa mtamu.

Dada mmoja kutoka mfuko wa utamaduni alifika kesho yake kutazama kazi yangu. Alishuka kwenye gari refu jeupe, akaingia ghalani, akashika mdomo. Alikuwa ametarajia giza na spika. Alikuta wanawake wamejaa wakisaga, watoto wamelala mgongoni, unga hewani.

"Hawa ni waigizaji?" akaninong'oneza.

"Hapana."

"Umewezaje kuihamasisha jamii namna hii?"

Nikamwambia mashine imeharibika. Alicheka kwa heshima kama mtu aliyesikia mzaha. Akapiga picha nyingi. Kisha akachuchumaa karibu na mwanamke mmoja, akamsalimia vizuri, akamuuliza kama ataendelea kutumia nishati hii isiyochafua mazingira.

"Pampu ikija Alhamisi," yule mama akamjibu, "naacha Alhamisi."

"Na ikija Ijumaa?"

"Ijumaa."

Pampu ilirudi siku ya Jumamosi, ndani ya gazeti lingine. Fundi aliifunga watu wakiwa wamesimama kumzunguka kama msibani. Mama akazungusha mkono. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika, na moshi mweusi ukapanda juu ya banda. Mle ghalani wanawake walisimama wote kwa pamoja, hata waliokuwa katikati ya kusaga. Walikusanya nafaka, walikusanya watoto, wakatoka. Mmoja alirudi kuchukua jiwe lake, akalipima uzito kwa mkono, akaliacha.

Nilibaki peke yangu. Niliyarudisha magunia madirishani, nikafunga mlango, nikawasha kanda. Sauti ilikuwa ileile niliyoihangaikia kwa baiskeli miezi mitatu. Lakini sasa nilisikia kitu ambacho kilikosekana, na nilijua ni nini, na sikuweza kukipata kwa kununua spika ya tano. Hakuna mtu mle kwenye kanda aliyekuwa amechoka.

Jioni nikaenda bandani. Mama alikuwa anapaka nta mkanda wa mashine.

"Mama, naomba uniambie tena yale uliyosema. Nikurekodi."

"Yapi?"

"Ya siku niliyozaliwa. Na mengine."

Alipaka nta mpaka mwisho wa mkanda. Nilidhani hajasikia.

"Hapa," akasema. "Kesho. Mashine ikiwa inawaka."

"Sauti yako haitasikika vizuri."

"Mashine ikizimwa siongei."

Nilijaribu kumshawishi kwa njia zote ninazozijua. Nikamweleza habari za vinasa sauti na kelele. Alinisikiliza kwa uvumilivu na kesho yake akaiwasha injini, akavuta ndoo, akakaa juu yake karibu kabisa na bomba la moshi, akaniambia nianze. Aliongea muda mrefu. Aliongea juu ya magoti, juu ya mikono iliyopasuka wakati wa kiangazi, juu ya dada yake aliyeolewa mbali na kuomba jambo moja tu, kwamba huko aendako pawe na mashine. Haikuwepo. Alicheka mahali fulani ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Mara mbili alisimama kuongeza uwele wa mteja mashineni, akarudi, akaendelea pale pale alipoachia. Nilikuwa nimeshika maikrofoni karibu na mdomo wake, na bado nilimsikia nusu.

Nilikijenga chumba upya. Upande mmoja mawe na wazee wa vijijini na lile pambio. Upande wa pili injini, kwa sauti yake kamili, na chini ya injini sauti ya mama. Ili umsikie ilibidi uinuke, uvuke giza, uweke sikio karibu na spika, na hapo mngurumo unakuingia kifuani. Wengi walikaa upande wa mawe kwa sababu ni mtulivu. Wachache walivuka. Walioamua kuvuka walichelewa kutoka.

Yule dada wa mfuko alirudi kusikiliza. Alikaa muda mrefu kwenye spika ya mama. Alipotoka alisema ni kazi nzito sana, ila angeomba injini ipunguzwe, au itolewe kabisa, kwa sababu inapingana na ujumbe.

"Siwezi," nikamwambia. "Alikubali kwa sharti hilo."

"Tunaweza kumwomba tena."

Nikampeleka bandani amwombe mwenyewe. Mama akamkaribisha, akamsalimia, akaweka mkono sikioni kuonyesha kwamba hasikii, akaendelea na kazi. Dada yule aliongea kwa muda, kisha akarudi kwenye gari akiwa na unga kwenye nyusi.

Mwaka uliofuata ghala lilipata mpangaji, mfanyabiashara wa kukamua alizeti. Baba alimkabidhi ufunguo kwa kusaini, na kwa wiki kadhaa Jumatatu zilimshinda. Mimi nilialikwa kupeleka chumba changu kwenye maonyesho ya wakulima mjini Singida, kwenye hema jeusi, kati ya banda la mbegu na banda la mizinga ya nyuki kutoka Rungwa. Mama alisema haji. Siku ya pili nikamwona anashuka kwenye pikapu na wanawake watatu wa kikundi, wote wamevaa sare ya kitenge.

Hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni mwa hema akasimamia foleni bila kuombwa. Aliwavulisha watu viatu, akawaambia wazee waingie kwanza, akamrudisha kijana mmoja nyuma kwa sababu hakuamkia. Foleni ilipokwisha, akavua kandambili zake, akaingia, akafunga pazia nyuma yake.

Nilikaa nje na wenzake. Tulisikia injini. Kanda nzima ya maneno yake niliijua kwa kichwa, nikawa nafuata mahali alipofika: magoti, mikono, dada yake, kicheko. Kanda ilifika mwisho, ikajigeuza, ikaanza tena, na hakutoka. Alisikiliza mara ya pili yote.

Alipotoka alifunga macho kwa sababu ya jua, akatafuta kandambili kwa mguu.

"Niliongea haraka," akasema.

"Unaeleweka, mama."

"Haraka sana. Pale kwa dada yangu nilitakiwa nitulie." Akavaa, akajifunga kitenge upya, akawageukia wenzake akawauliza kama kuna mtu anayejua mahali pa kula.